Kuondoa Kochi, Kitanda na Kabati la Zamani Ndani ya Jiji la Mbeya: Mwongozo Kamili

Mvua za Novemba zikishaanza kuteremka kutoka mlima Loleza, makorongo ya mjini huanza kutoa siri za watu. Linakuja godoro, linafuata fremu la kochi, vinanasa kwenye kalavati, na maji yanatafuta njia nyingine, ambayo mara nyingi ni sebule ya mtu asiyehusika kabisa. Aliyetupa yuko juu huko, ana seti mpya, na kwa hesabu zake lile kochi lilishaondoka. Mimi nahesabu tofauti: samani imeondoka pale tu unapojua imeishia wapi, mpaka kipande cha mwisho.

Hilo si gumu kama linavyosikika, kwa sababu Mbeya hii hii karibu kila kitu kina mwenyewe. Mbao ina anayeitaka, chuma kina anayekitaka, kioo hali kadhalika. Vinavyokosa mwenyewe kwa kweli ni vichache: sponji iliyooza, chipbodi iliyolowa ikavimba, kitambaa kikuukuu na kioo kilichovunjika. Kazi yako ni kupita kwa utaratibu mpaka ubaki na hivyo tu, kisha uvipeleke vinakostahili. Utaratibu wenyewe ni huu.

Kwanza, malizaneni ndani ya nyumba

Kabla hujampigia dalali, hakikisha kitu ni chako kukitoa. Kabati lililotoka kwa marehemu bibi linaweza kuwa zee na bovu, lakini shangazi akija msibani na asilione, utajieleza mpaka uchoke. Waulize. Mara nyingi atatokea ndugu Tukuyu au Chunya anayelitaka, na hapo kazi imeisha. Kama umepanga, kumbuka pia kwamba kitanda ulichokikuta chumbani ni cha mwenye nyumba, hata kama yeye mwenyewe amekisahau.

Kisha toa droo zote nje kabisa, si kuzivuta nusu. Nyuma ya droo ndiko vyeti vya kuzaliwa, hati za kiwanja na kadi za kliniki hujificha. Kwenye makochi, ingiza mkono kwenye pengo la nyuma ya mto: utakuta funguo, sarafu, sindano za kushonea. Ingiza taratibu.

Pili, ijue samani yako

Bei, mnunuzi na hatima ya samani vyote vinategemea imetengenezwa na nini. Fundi seremala atakwambia kwa kuigonga tu, lakini hata wewe unaweza. Geuza kabati uangalie mgongo na chini ya rafu, mahali ambapo vanishi haikufika. Mninga ni mzito, una wekundu wa kahawia na nyuzi zinazocheza. Kitanda cha mninga, hata kikiwa kimelegea vipi, usikiuze kwa bei ya kuni. Paina ni nyepesi, nyeupe kuelekea njano, ina vifundo vya macho, na ukiikandamiza kwa ukucha inabaki na alama. Nyanda za Juu Kusini tuna paina nyingi kwa sababu ya mashamba ya miti ya Mufindi, likiwamo shamba kubwa la serikali la Sao Hill, kwa hiyo fremu nyingi za makochi huku ni paina ndani, hata muuzaji akiapa vingine. Chipbodi utaijua kwenye kona iliyomenyeka: ni punje za mbao zilizogandishwa kwa gundi, juu imebandikwa karatasi yenye sura ya mbao.

Baada ya hapo, tafuta wadudu. Hapa usione uvivu, maana kumpa mtu kitanda chenye wadudu ni kumpa deni. Vitundu vidogo vya mviringo na unga laini sakafuni ni dalili kwamba mbao imebunguliwa. Fagia unga wote, weka gazeti chini, subiri wiki moja. Unga mpya ukidondoka, wadudu wapo hai. Usipodondoka, huenda vile vitundu ni vya zamani.

Kunguni wana mahali pao. Usiwatafute katikati ya godoro. Tazama kwenye mishono ya pembeni, kwenye matundu ya bolti za kitanda, na pale chaga zinapokalia mbavu: utaona madoa meusi kama nukta za kalamu na maganda yao makavu. Watu wengi hudhani ukikiweka kitanda stoo kwa muda watakufa njaa. Kunguni mzima anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu, tena kwenye baridi yetu ndiyo kabisa anatulia kukusubiri. Fungua kitanda chote, mwagia maji yanayochemka kwenye viungo na matundu, kausha, kisha pulizia dawa kwa kufuata maelezo ya kwenye kopo. Rudi kukagua baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Godoro lenye kunguni wengi halifai kumpa mtu. Hilo lifunge kwenye nailoni mapema, kabla ya kulipitisha sebuleni.

Tatu, kulitengeneza au kuliacha?

Kochi likibonyea watu wanasema limekufa. Mara nyingi kilichokufa ni sponji tu. Lipindue miguu iangalie juu, chana kile kitambaa cheusi cha chini, na utaona kila kitu: mikanda ya lastiki au springi, stepo (pini za kubania kitambaa) zilizoshika kutu, na fremu. Sasa shika kona moja ya mbele uinyanyue kidogo. Kona ya pili ikinyanyuka nayo papo hapo, fremu ni nzima. Ikibaki chini huku kochi linajipinda na kulia, viungo vimeachia. Fremu nzima inastahili kuvalishwa upya. Fremu iliyoachia inaweza kupigwa gundi na skrubu, lakini mwambie fundi aseme bei akiwa ameliona likiwa wazi hivyo hivyo, si kwa simu wala kwa picha.

Kama nia yako ni kuuza, usitengeneze kwanza. Hii najua wengi watanipinga. Lakini mnunuzi mwenye jicho ni fundi mwenyewe au mtu mwenye fundi wake, na kitambaa ulichokichagua wewe hakimpendezi. Uza lilivyo, sema ubovu wake, shusha bei kidogo. Hela ya kitambaa kipya hairudi.

Nne, kuuza

Anza na jirani. Kundi la WhatsApp la mtaa au la jumuiya linafanya kazi kuliko tangazo la mjini, kwa sababu anayekaa Soweto hatapenda kulipia gari kuja Uyole kuangalia stuli. Piga picha mchana, mlango ukiwa wazi, kitu kikiwa kimefutwa vumbi na kimetolewa nguo juu yake. Picha moja ya mbele, moja ya ubavuni, moja ya sehemu mbovu kwa karibu. Andika vipimo. Kwa kitanda sema tu ni nne kwa sita, tano kwa sita au sita kwa sita, na kama chaga ni zote. Kwa kabati pima kimo, upana na kina, na umkumbushe mnunuzi apime mlango wake.

Majira yana maana. Vyuo vinapofunguliwa, kuanzia Oktoba kuelekea Novemba, wanafunzi wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kule Iyunga na wale wa Ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe wanahangaika na vyumba vitupu. Vitanda vidogo, meza za kusomea, stuli na magodoro safi hutoka upesi sana wakati huo. Usiwapeleke kabati la milango sita, halina pa kukaa.

Kuhusu bei, mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

“Shikamoo mama. Lile kabati bado lipo?”

“Marahaba mwanangu. Lipo, ila mlango mmoja bawaba imelegea, kwenye picha nimeonyesha.”

“Nimeiona. Sasa nipunguzie kidogo mama, bado kuna hela ya gari la kubebea, kirikuu.”

“Kirikuu pambana nayo mwenyewe, mimi kwenye kabati nimeshashusha. Ukija leo na hela kamili nakuachia na zile rafu za ziada.”

Mama huyu anajua biashara. Hajashusha bei, ametoa kitu ambacho kingembakia mkononi.

Pesa ya simu ikitumwa, tazama salio lako mwenyewe kabla kitu hakijavuka mlango. Ujumbe wa muamala unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi, au uliotumwa kutoka namba ya kawaida, si malipo. Halafu andikishaneni karatasi: nani kauza, nani kanunua, kitu gani, tarehe, sahihi mbili, na mjumbe au jirani kama shahidi. Kijana anayekokota kitanda saa moja jioni bila karatasi anaweza kusimamishwa njiani na ulinzi shirikishi, na utapigiwa wewe simu usiku.

Tano, kugawa

Kugawa kuna adabu yake, na ya kwanza ni kuuliza. Piga simu kwanza kwenye kituo cha watoto, kanisani, msikitini au shuleni, taja kitu na hali yake, wao waseme kama wanakihitaji. Kituo cha watoto kinaweza kuwa na vitanda vya kutosha kikakosa meza ya kulia. Usipojua pa kuanzia, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inavifahamu vituo vilivyosajiliwa, na afisa maendeleo ya jamii wa kata anazijua kaya zinazolala chini. Hata mwenyekiti wa mtaa anazijua, pengine kuliko wote.

Kipimo ni kimoja: ungekikalia au kukilalia wewe leo? Godoro lililolowa mkojo, kochi lenye panya ndani, kiti cha miguu mitatu, hizo si sadaka. Unawapelekea wengine kazi ya kutupa. Ukigawa kitanda, toa na bolti zake. Zitie kwenye mfuko mdogo, ufunge kwa waya kwenye kichwa cha kitanda, na chaga zifunge pamoja kwa kamba baada ya kuzipa namba kwa kalamu. Vitanda vingi vizuri huishia kuwa kuni kwa sababu bolti zilibaki kwenye kopo la mwenye nyumba.

Sita, usafiri

Kwa kitu kimoja cha karibu, guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, linatosha. Kwa seti nzima, kirikuu au pikipiki ya magurudumu matatu. Jiji letu lina milima, na hapo ndipo watu hujidanganya: guta lenye kabati kwenye mteremko halishikiki, na barabara kuu ya Zambia imejaa malori ya mizigo kuanzia Uyole mpaka Iyunga. Kama mzigo unakwenda Mbalizi, mteremko wa Iwambi si wa guta wala wa kamba moja. Chukua gari, funga kamba mbili za kukatiza, na kitu chenye kioo kisimame wima, kisilale.

Patana kabla ya kupakia. Bei iwe na kubeba ndani yake, na useme wazi kama kuna ngazi. Kati ya Novemba na Aprili kuwa na turubai hata kama asubuhi kumekucha jua kali. Chipbodi ikinyeshewa mara moja tu inavimba kingo, na mnunuzi ana haki ya kuikataa mlangoni.

Jambo moja ambalo watu hulipuuza: ukimlipa kijana “akatupe”, umelipia safari tu. Atatupa pale ambapo hakuna anayemwona, na pale ni korongoni. Mwambie unapeleka wapi, na malipo ya mwisho yatoke baada ya kukupigia akiwa amefika, ikiwezekana na picha.

Saba, kuvunja vilivyokosa mwenyewe

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi hukimbilia kiberiti. Vaa viatu vya kufunika, glovu hata za kulimia, na barakoa au kitambaa puani, maana kochi la zamani lina vumbi la miaka. Fanyia nje, mbali na watoto. Vifaa ni nyundo, mtaimbo mdogo, plaisi, bisibisi, msumeno na kisu.

Kioo kitoke kwanza, kikiwa kizima kama inawezekana. Legeza vipande vya mbao vinavyokishika, usikipige kwa nyuma. Kioo kizima cha kabati fundi vioo anakichukua, atakata cha dirisha dogo. Kilichovunjika kizungushie gazeti nene au boksi, tia ndani ya mfuko wa sandarusi, andika KIOO kwa maandishi makubwa. Vijana wa gari la taka wanabeba kwa mikono na mabega.

Vifuatie vyuma: bawaba, vitasa, reli za droo, miguu ya chuma, springi. Bawaba nzima na vitasa seremala atavinunua au atakupunguzia kwenye kazi nyingine. Vilivyobaki ni vya vyuma chakavu, wanapima kwa kilo. Tenga alumini na chuma, kwa kuwa alumini ina bei nzuri zaidi na ukichanganya utalipwa yote kwa bei ya chuma. Kitanda cha chuma, hasa cha mabomba ya mraba, kipitishe kwanza kwa fundi wa kuchomelea. Yeye ananunua mabomba, wa chakavu ananunua uzito.

Mbao nzima, ng’oa misumari, nyoosha, panga. Mafundi wa vibanda vya kuku, wenye mabanda ya nguruwe na wafugaji wa sungura huzitafuta. Mgongo wa kabati wa plaiwudi hutosha ubao wa matangazo au dari ya kibanda.

Halafu sponji. Ile iliyo safi na kavu, hata kama imebonyea, ikatekate vipande vya kidole gumba: ni ujazo mzuri wa mito, na mafundi wa siti za pikipiki hutumia vipande vikubwa vyenye unene. Uliza kwanza. Iliyoganda, inayovunjika kama keki ukiiminya, au yenye harufu, haina kazi tena. Ifunge kwa kamba ikiwa imebanwa ipungue ukubwa, itie kwenye mfuko, isubiri gari.

Moto: nini kinachomeka na nini hapana

Mbao tupu za paina au mninga, zisizo na rangi wala vanishi nene, ni kuni. Mpe mama lishe au jirani, asubuhi za Juni na Julai hatakataa. Zilizobaki zote usizichome.

Sponji ya godoro na kochi ikiungua hutoa moshi mzito wenye kaboni monoksaidi na gesi ya sianidi. Si suala la harufu, watu hufa kwa moshi huo kwenye nyumba zilizoungua. Chipbodi na MDF, ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandishwa, zimeshikwa na gundi yenye fomaldehaidi, kwa hiyo hazifai jikoni hata kidogo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, ile ya metali, na majivu yake hubaki uani ambako watoto wanacheza. Na angalia mbao zenye ukijani uliozama ndani: hizo ni za kupaulia, zimetiwa dawa ya shaba, kromi na aseniki zisiliwe na mchwa, na mafundi wengine huzitumia kuungia vitanda vya bei nafuu. Aseniki haiungui ikaisha. Inabaki kwenye majivu, na majivu tunayamwaga kwenye mboga.

Nane, mabaki

Sasa umebaki na mifuko michache: sponji mbovu, chipbodi iliyovimba, kitambaa, kioo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia halmashauri jukumu la taka ngumu, na wewe unalipa ada ya taka, kwa hiyo hapa unadai huduma yako, huombi hisani. Nenda kwa mtendaji wa mtaa au afisa afya wa kata kabla ya siku ya gari, useme una mzigo wa ziada na ni wa aina gani. Gari la kila wiki likikutana na kochi zima limesimama barabarani litaliacha, tena kwa haki. Likikutana na mifuko iliyofungwa na vipande vya chipbodi vilivyokatwa urefu wa mkono, litabeba, pengine kwa malipo kidogo ya ziada. Ukilipa, dai risiti.

Mkiwa majirani watatu au wanne wenye mabaki, changieni kirikuu moja, mtendaji awape maelekezo ya kupeleka moja kwa moja dampo la Nsalaga, upande wa Uyole. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, ni siku nzuri ya kulipanga hilo, kwa kuwa viongozi wako mtaani na kila mtu ameshika fagio. Usiviweke kwenye kizimba cha taka usiku ukidhani asubuhi havitajulikana ni vya nani. Kitambaa cha kochi lako mtaa mzima umeshakikalia.

Friji bovu au televisheni usiviingize kwenye safari hii. Friji lina gesi, na anayekata bomba lake ili apate shaba anaimwaga yote hewani. Mwite fundi friji, mara nyingi atalichukua kwa ajili ya vipuri.

Mwisho kabisa, pale ulipovunjia. Misumari na stepo zimetawanyika, na stepo za kochi ni nyembamba, ufagio unaziruka. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kamba, iburute polepole juu ya udongo kwa kwenda na kurudi, kisha njia yote kutoka mlangoni mpaka barabarani, maana bodaboda wanapita hapo.